Jinsi ya Kumsaidia Kijana wa Kikristo Aishi kwa Kusudi na kwa Imani Iliyo Yake Mwenyewe

Mzazi akiulizwa anamwombea nini kijana wake, aghalabu atasema kwamba anamwombea asipotee. Ombi hilo ni jema, lakini limepungukiwa, kwa sababu kijana anayelindwa tu asianguke bado hajaonyeshwa anakokwenda. Kati ya umri wa miaka 13 na 19 mtu huanza kujiuliza kwa uzito yeye ni nani, yuko duniani kwa ajili gani, na kama yale aliyofundishwa tangu utotoni ni kweli. Kanisa lisipomjibu, au likimjibu kwa makatazo peke yake, atatafuta majibu kwingine, na atayapata, kwa kuwa walio tayari kumjibu ni wengi na hawachoki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu wa vijana, wachungaji na wazee wa kanisa ambao wamekabidhiwa vijana wa umri huo. Hoja yake ni kwamba kijana huishi kwa kusudi pale anapopewa leo kazi ya kweli katika ufalme wa Mungu na kujibiwa maswali yake kwa unyofu. Kumwahidi kwamba siku moja, akiisha kukua, atakuwa mtu wa maana, hakumsaidii kuishi siku ya leo.

Mfundishe kwanza kusudi ni nini

Vijana wengi wameaminishwa kwamba kusudi la Mungu ni siri iliyofichwa mahali fulani, na kwamba wajibu wao ni kuigundua kabla hawajakosea: kazi gani wafanye, waoe au waolewe na nani, waishi wapi. Mafundisho ya namna hiyo huzaa hofu. Kijana aliyefeli mtihani hudhani kwamba amelipoteza kusudi lake, na yule ambaye hajasikia sauti yoyote maalumu hudhani kwamba Mungu amemruka.

Aya inayotumiwa zaidi katika jambo hili ni Yeremia 29:11, isemayo, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Isomeni pamoja na kijana, lakini msiisome peke yake. Maneno hayo yamo katika barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na aya iliyotangulia inawaambia kwamba miaka 70 itapita kabla hawajarudishwa. Katika aya ya 5 hadi ya 7 wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, walee watoto na kuutakia amani mji ule ule walimohamishiwa. Ahadi ile ilitolewa kwa watu waliotakiwa kufanya kazi za kawaida kwa uaminifu mahali ambapo hawakupachagua, na wengi wao wangekufa kabla ya kuona mwisho wake. Kijana akiielewa barua nzima, ataacha kuiona aya hiyo kama dhamana ya mafanikio ya haraka, na atapata kitu kilicho imara zaidi cha kushika siku mambo yatakapokwenda kombo.

Baada ya hapo mwonyesheni kwamba sehemu kubwa ya kusudi la Mungu kwake haijafichwa hata kidogo. Kumpenda Bwana kwa moyo wote na kumpenda jirani kama nafsi yake, kama Yesu alivyosema katika Mathayo 22:37-39, ni mwito unaomhusu tangu asubuhi ya leo. Waefeso 2:10 inasema kwamba matendo mema Mungu ameyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo, na mengi ya matendo hayo yako nyumbani kwake, darasani kwake na kwa jirani aliye mpweke. Yusufu anatajwa akiwa na umri wa miaka 17 katika Mwanzo 37, na alikuwa na umri wa miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katika miaka hiyo 13 ndoto zake hazikumwambia afanye nini katika nyumba ya Potifa wala gerezani. Alifanya kwa uaminifu lililokuwa mbele yake, na humo ndimo alimotayarishwa.

Kwa hiyo lipunguzeni lile swali la kila mara, "Unataka kuwa nani?" Mahali pake mwulizeni kijana, kila wiki ikiwezekana, ni nani aliye karibu naye ambaye anahitaji kitu anachoweza kumpa, kisha wiki ifuatayo mwulizeni ilikuwaje. Swali hili dogo, likiulizwa kwa uthabiti, huzoeza macho ya kijana kuwaona wengine, na mara nyingi vipawa vyake hujidhihirisha humo kabla ya mtu yeyote kumfanyia majaribio ya kutambua karama.

Mpe nafasi ya kumjua Mungu mwenyewe

Mtoto anaweza kukulia kanisani, akajua nyimbo zote na kukariri aya nyingi, huku bado akiishi kwa imani ya wazazi wake. Samweli alikuwa akihudumu hekaluni Shilo na kulala karibu na sanduku la Mungu, na hata hivyo 1 Samweli 3:7 inasema kwamba alikuwa hajamjua BWANA bado. Alipoitwa usiku alidhani ni Eli, akamkimbilia. Eli, pamoja na udhaifu wake mwingi kama baba, alifanya hapa jambo ambalo kila mlezi anapaswa kuliiga: hakuupokea ujumbe kwa niaba ya kijana, wala hakukaa pembeni yake ili kumfasiria sauti. Alimfundisha la kusema, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," kisha akamrudisha mahali pake.

Kutenda kama Eli kunaanza na sala. Msimwombee kijana kila kitu mbele yake. Mwacheni aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni machache na yanakatika, na msimsahihishe akimaliza. Kisha mpeni Biblia kwa kipimo anachoweza kukimaliza. Injili ya Marko ina sura 16 na masimulizi yake yanakwenda upesi, hivyo kijana anayesoma sura moja kila siku ataimaliza katika muda wa wiki mbili na siku chache. Mwambieni asome akiwa na daftari, akiandika ameona nini kuhusu Yesu, ni jambo gani hakulielewa, na lipi linamtaka abadilike. Lile ambalo hakulielewa ndilo lenye thamani kubwa zaidi mtakapokutana, kwa hiyo anzeni mazungumzo hapo. Baada ya Marko anaweza kwenda kwenye Zaburi au kwenye Mithali, ambayo kwa sura zake 31 inaufaa mwezi mzima.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo baadhi ya viongozi hawatalipenda. Naona tunategemea mno mikutano mikubwa na makambi, ambako muziki, uchovu na umati humfanya kijana ainue mkono au aende mbele, nasi tunahesabu mikono na kurudi nyumbani tukifurahi. Mungu huwaita watu katika mikutano hiyo pia, sikatai. Lakini kijana anayeokoka kila kambi na kulia kila kambi anahitaji mtu wa kukaa naye Jumanne jioni mambo yakiwa ya kawaida, ili ajue kwamba kutohisi kitu si dalili ya kuachwa na Mungu.

Charles Spurgeon, ambaye baadaye alikuwa mhubiri mashuhuri wa London, alikuwa mwana wa mchungaji na mjukuu wa mchungaji, na kwa muda mrefu alihangaika moyoni pamoja na malezi hayo yote. Mwezi Januari 1850, akiwa na umri wa miaka 15, theluji ilimlazimisha kuingia katika kanisa dogo mjini Colchester, na mtu asiye na elimu kubwa, aliyehubiri kwa sababu mhubiri wa siku hiyo hakufika, akawasihi wachache waliokuwapo wamtazame Bwana, kwa maneno ya Isaya 45:22. Malezi ya nyumbani hayakupotea bure, yalikuwa yameandaa udongo. Lakini saa ya kuamini ilikuwa ya kijana mwenyewe, na ilimfikia kwa kinywa cha mtu ambaye wazazi wake wasingemchagua. Mzazi anayeomba kwa ajili ya mtoto wake aombe pia kwa ajili ya watu hao asiowajua.

Pokea maswali yake bila kushtuka

Hapa ndipo wengi wetu tunapowapoteza vijana. Kijana anauliza kama Mungu yupo kweli, na mzazi anasikia uasi. Anauliza kwa nini rafiki yake alikufa ilhali kanisa zima lilifunga na kuomba, na mwalimu anamjibu kwa aya moja ya haraka ili kipindi kiendelee. Hatauliza tena mara ya tatu. Ataendelea kuketi ibadani kimya, na kimya hicho sisi tutakiita utulivu.

Kitabu cha Yuda, aya ya 22, kinatuagiza tuwahurumie walio na shaka. Baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumfukuza, alimponya mtoto. Tomaso alikataa kusadiki mpaka aone alama za misumari, lakini baada ya siku nane alikuwa bado ndani ya nyumba pamoja na wanafunzi wenzake. Hawakumtenga, naye hakuondoka, na kwa hiyo Bwana alipokuja alimkuta. Kikundi chenu cha vijana kiwe mahali ambapo Tomaso anaweza kubaki kwa siku nane, na zaidi zikihitajika.

Kijana akileta swali gumu, mwulize kwanza limetoka wapi, kwa maana swali juu ya mateso ya ulimwengu mara nyingi limebeba msiba mmoja wenye jina, na swali juu ya unafiki wa Wakristo huwa na mtu fulani ndani yake, pengine mtu wa nyumbani mwake. Msikilize mpaka amalize. Kama unalo jibu, lieleze kwa ufupi na umwachie nafasi ya kulipinga. Kama huna, sema wazi kwamba hujui, taja siku mtakayokutana, ukatafute, na siku hiyo uje. Kijana atakuamini zaidi kwa sababu ya kurudi kwako kuliko kwa ufasaha wa jibu lenyewe.

Kwa maswali ya mateso, mfungulie zaburi za maombolezo, ambazo tunazisoma kwa nadra mno makanisani. Zaburi ya 13 inamwuliza Mungu "hata lini" mara kadhaa kabla ya kufika kwenye tumaini. Zaburi ya 88 inamalizika gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado imo katika Maandiko Matakatifu na ni sala. Kijana aliyefiwa anapogundua kwamba Biblia inamruhusu kusema mbele za Mungu yale anayoyahisi kweli, hana haja tena ya kuondoka ili ayaseme.

Kwa maswali ya sayansi, msimlazimishe achague kati ya maabara na kanisa. Gregor Mendel, ambaye majaribio yake juu ya mbaazi, yaliyochapishwa mwaka 1866, yaliweka msingi wa elimu ya urithi wa viumbe, alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Georges Lemaître, aliyetoa mwaka 1927 hoja kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa padri kutoka Ubelgiji. Wakristo hawajakubaliana katika kila jambo kuhusu namna ya kuzisoma sura za kwanza za Mwanzo, na ni vema kijana alisikie hilo kutoka kwako kwa utulivu kuliko kulisikia kwa mtu anayelitumia kumdhihaki. Anayependa fizikia au baiolojia aambiwe kwamba kuichunguza kazi ya Muumba ni utumishi.

Mkabidhi kazi yenye uzito

Yosia alitawazwa akiwa na miaka 8; katika mwaka wa nane wa kutawala kwake, yaani alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, alianza kumtafuta Mungu wa Daudi, na miaka minne baadaye akaanza kuisafisha Yuda na sanamu zake. Msichana mdogo aliyetekwa Israeli, ambaye hata jina lake hatulijui, ndiye aliyemwelekeza mke wa Naamani kwa nabii aliyekuwa Samaria, na jemadari wa Shamu akapona kwa sababu ya sentensi moja ya mtumwa wa nyumbani. Yeremia aliposema kwamba yeye ni mtoto, Bwana alimkataza kusema hivyo. Paulo alimwagiza Timotheo awe kielelezo kwao waaminio, katika usemi na mwenendo, na katika upendo na imani na usafi, hakumwambia asubiri. Maandiko hayaoni ujana kuwa chumba cha kusubiria.

Katika makanisa mengi, hata hivyo, kazi ya vijana ni kuimba na kupanga viti. Kwaya ni huduma kubwa na simdharau anayeimba, lakini si kila kijana ni mwimbaji, na hata mwimbaji anahitaji kujua kwamba akili yake na uamuzi wake vinahitajika pia. Wapeni usomaji wa neno ibadani, na muwazoeze kusoma kwa ufahamu kabla ya Jumapili. Wapeni darasa la watoto wadogo wakiwa pamoja na mwalimu mzoefu. Wapeni mitambo ya sauti, matembezi kwa wagonjwa na wazee wakiongozana na mtu mzima, na utunzaji wa hesabu za mfuko wao chini ya ukaguzi wa mweka hazina. Mkiwaweka katika kamati, wasikilizwe. Kijana anayeitwa kikaoni ili aonekane tu atalitambua hilo kabla ya kikao kwisha.

Namna ya kukabidhi ina umuhimu sawa na kazi yenyewe. Yesu aliwachukua wale Thenashara wakae naye na kumwona akitenda, kisha katika Marko 6 akawatuma wawili wawili, wakarudi wakampa habari za yote waliyoyafanya na kuyafundisha, naye akawaambia waende faraghani wakapumzike kidogo. Fuateni mwendo huo. Kijana akutazame ukifanya, kisha mfanye pamoja, kisha afanye wewe ukiwa karibu, kisha aende na mwenzake na kurudi kukueleza. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi: hakuna aliyeuliza ilikuwaje, hakuna aliyesikia kwamba mgonjwa alilia au kwamba watoto hawakumsikiliza mwalimu wao mpya, na mwezi wa pili kijana haji tena. Kumbukeni na pumziko, hasa kwa yule mwenye bidii ambaye kila idara inamtaka.

Atakosea. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia, na Paulo akakataa kwenda naye katika safari iliyofuata, jambo lililowatenganisha yeye na Barnaba. Barnaba alimchukua Marko akaenda naye Kipro. Miaka mingi baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo yule yule anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kila kikundi cha vijana kinahitaji angalau Barnaba mmoja, mtu mwenye subira asiyekata tamaa kabisa juu ya mtu.

Si kazi yote ya Mungu iko kanisani. Agizo la Wakolosai 3:23, kwamba lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo kama kwa Bwana, liliandikwa kwanza kwa watumwa, watu ambao kazi yao haikuwa na sifa wala ujira wa haki. Masomo, kazi za nyumbani, kumwangalia mdogo wake, yote hayo yanaweza kutolewa kwa Mungu. Msimwite kijana kwenye mazoezi na vikao usiku wa kuamkia mtihani, kisha mkamwambia kwamba Mungu ataheshimu kujitoa kwake. Kusoma kwa bidii kulikuwa ndiyo utii wa usiku ule.

Zungumza naye kuhusu simu, marafiki na mwili

Danieli 1:8 inasema kwamba Danieli aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Aliamua kabla ya sahani kuwekwa mbele yake, alikuwa na wenzake watatu walioamua vilevile, na alimwomba msimamizi kwa heshima awajaribu kwa siku kumi. Kijana anahitaji mambo hayo matatu: uamuzi uliofanywa mapema, marafiki wa msimamo mmoja, na adabu katika kukataa. Kaeni naye muyataje majaribu yake kwa majina, mkiuliza atafanya nini akitumiwa picha za ngono, akikaribishwa kunywa, au akishinikizwa na mpenzi wake, na mwacheni atunge maneno atakayoyasema.

Sheria za simu ziwahusu wote nyumbani. Ikiwa simu hazikai mezani wakati wa chakula wala vyumbani usiku, basi ya baba na ya mama zikae nje pia, la sivyo kijana atajifunza kwamba utakatifu ni adhabu ya wadogo. Kuhusu mwili, semeni mapema na semeni yote, pamoja na uzuri wa ndoa na thamani ya mwili ulio hekalu la Roho Mtakatifu, kwa maana kijana aliyefundishwa aibu peke yake hataweza kuja kwako siku atakapoanguka. Mwambieni waziwazi, kabla halijatokea lolote, kwamba akianguka aje kwenu kwanza, na kwamba mtamsikiliza kabla ya kumkemea. Kisha siku hiyo ikifika, timizeni ahadi hiyo.

Mlinde, na ujue mipaka yako

Kanisa linalotaka vijana lazima liwe mahali salama. Mtu mzima asikae faraghani na kijana mmoja mahali pasipoonekana. Mashauri yafanyike ambapo wengine wanaweza kuwaona ingawa hawasikii. Kila anayehudumia vijana achunguzwe kabla ya kukabidhiwa, hata kama ni mtu anayeheshimiwa. Kijana akisema ametendewa vibaya kingono au anapigwa, asiahidiwe siri, na jambo hilo lisimalizwe kimyakimya ndani ya kanisa ili kulinda jina. Lifikishwe kwa vyombo vya sheria na vya ustawi wa watoto.

Kuna pia uzito wa moyo ambao maombi yetu pekee hayakukusudiwa kuubeba. Eliya, baada ya ushindi mkubwa, aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na katika 1 Wafalme 19 jambo la kwanza Mungu alilompa lilikuwa usingizi, mkate na maji. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kijana aliyepoteza hamu ya kula, ya kulala na ya mambo aliyoyapenda, kwa wiki kadhaa, apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na aendelee kuombewa. Akizungumzia kufa au kujidhuru, mwulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua, msimwache peke yake, na tafuteni msaada siku hiyo hiyo. Asiambiwe kamwe kwamba hali yake inatokana na imani haba.

Aone imani yako nyumbani

Kumbukumbu la Torati 6:7 linawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Ibada ya nyumbani ni njema, na ifupishwe kuliko kurefushwa hadi ikachukiwa, lakini kijana hujifunza zaidi kwa kuona mzazi anavyosema juu ya mchungaji baada ya ibada, anavyomtendea anayemhudumia, na anavyoomba msamaha. Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Mzazi aliyemkosea kijana wake amwambie, "Nimekukosea, nisamehe," bila kuongeza maelezo ya kujitetea. Kwa wazazi ambao hawaamini, au nyumba iliyovunjika, kanisa limtafutie kijana mtu mzima mmoja atakayemfuatilia kwa miaka, kwa sababu Timotheo mwenyewe alikuwa na baba Myunani, na imani aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha Paulo akamchukua kama mwana.

Mwandae kabla hajaondoka

Wengi huacha kushiriki ibada katika miezi ya kwanza baada ya kuhama nyumbani kwa ajili ya masomo au kazi, mara nyingi bila kuamua kuacha. Jumapili ya kwanza hawajui kanisa liko wapi, ya pili wamechoka, ya tatu wamezoea. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla, anza kumwachia maamuzi ambayo atalazimika kuyafanya peke yake: aamke mwenyewe kwenda ibadani, apange fedha zake na sadaka yake, achague atakachosoma katika Biblia. Miezi michache kabla, tafuteni pamoja kanisa la huko aendako na ushirika wa wanafunzi ikiwa upo. Paulo alimkabidhi Fibi kwa waamini wa Rumi kwa barua, katika Warumi 16:1-2, akiwaomba wampokee na kumsaidia katika neno lolote atakalohitaji kwao. Mchungaji afanye vivyo hivyo kwa kila kijana anayeondoka, kwa barua au kwa simu, akimtaja kwa jina na kueleza huduma anayoiweza ili apewe kazi mapema, na mtu mmoja wa kanisa la nyumbani apangwe kumpigia Jumapili ile ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu.